Kufilisika Uingereza hakuikomboi nyumba ya Moshi

Kuna swali naulizwa sana hapa kwenye ofisi yetu ya ushauri wa madeni Moshi, hasa na wenye ndugu Uingereza: eti ukizidiwa na mkopo wa nyumba au gesti unapanda ndege, unatangaza ufilisi huko, baada ya mwaka deni limefutwa unaanza upya. Nimeona niandike kabisa, maana kuna mtu alishaanza kutafuta mteja wa ng'ombe wake wa maziwa apate nauli.

Habari yenyewe ina chanzo. Bei za nyumba zilipoporomoka Ireland kuanzia 2008, watu walibaki wanadaiwa hela nyingi kuliko thamani ya nyumba zenyewe, na sheria ya kwao ilikuwa inambana mtu aliyefilisika kwa miaka 12 kabla hajaachiliwa na madeni wakati Uingereza tangu 2004 ni miezi 12 tu, basi wengi wakahama wakapanga nyumba huko, wakatafuta kazi, wakafilisika. Ila ilibidi uhame kweli. Seán Quinn, aliyewahi kuwa tajiri namba moja Ireland, alipata ufilisi Belfast, Ireland ya Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, Novemba 2011 na Januari 2012 mahakama ikaufuta, ikasema kitovu cha shughuli zake kiko Jamhuri ya Ireland, akaishia kufilisiwa kwao Dublin. Baadaye Ireland wenyewe wakashusha muda, kwanza miaka 3, halafu mwaka 1 kuanzia 2016, na safari zile zikakosa maana.

Sasa sisi. Wale walibebwa na kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyofanya ufilisi wa nchi moja utambuliwe na nyingine. Tanzania hatumo kwenye kanuni hiyo. Na hata kwao ufilisi haukuondoa rehani: benki ilichukua nyumba ikauza, kilichofutwa ni lile deni lililobaki baada ya mauzo. Kwa hiyo wewe hati yako iko benki, rehani imesajiliwa, kiwanja kiko Pasua, ukifilisika London kiwanja hakihami. Zaidi ya hapo sheria ya Uingereza inakutaka utaje mali zako zote popote duniani. Ukificha kihamba, yaani shamba la ukoo, alichokuachia baba au kiwanja cha Njiro, vikwazo vinaweza kufika miaka 15 na kesi ya jinai juu. Sipendi kabisa kuona mtu anaingizwa huko na dalali wa safari.

Kinachoniuma ni kwamba watu wanakimbilia mbali huku hapa wana haki hawajazigusa. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja na mama watoto wake, gesti waliijengea watalii, korona ikaja 2020 vyumba vikalala, riba haikulala. Akatoa bahasha ya benki kwenye mfuko wa koti, bado imefungwa. Nikamwambia mzee wangu hii tuifungue pamoja. Ilikuwa notisi ya siku 60, imeshakaa siku 41. Mama akasema, "Alikuwa anaogopa kuisoma."

Ile notisi ndo mlango wenyewe. Sheria ya Ardhi inaitaka benki ikwambie umekosea nini na ufanye nini kurekebisha, na ndani ya siku hizo 60 bado unaweza kulipa malimbikizo au kuomba marejesho yapangwe upya. Nyumba ya familia ikiwekwa rehani bila ridhaa ya mke au mume, rehani yenyewe ina kasoro, nenda kwa wakili mapema sana. Na ikifika mnada, benki inatakiwa itafute bei nzuri inayopatikana, ikiuza chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi sheria inachukulia imekiuka wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Ufilisi wa hapa kwetu nao upo, unaombwa Mahakama Kuu, ila benki inayokudai inabaki na rehani yake, kwa hiyo unasaidia zaidi kwa madeni yasiyo na dhamana.

Yule mzee tulimwandikia barua siku ileile, akaomba auze mwenyewe eneo la nyuma la kile kiwanja kwa bei ya kueleweka badala ya kusubiri dalali, benki ikakubali kuzungumza. Bado hawajamaliza. Ukija ofisini njoo na mkataba wa mkopo, nakala ya hati, risiti za marejesho na kila bahasha ya benki, hata kama hujaifungua.