Multikasti kutoka kwenye bodi ya FPGA: maana yake na namna inavyofanya kazi

Multikasti ni njia ya kutuma pakiti moja ya data ikawafikia wapokeaji wengi, bila mtumaji kumtolea kila mmoja nakala yake. Pakiti huandikiwa anwani ya kundi. Swichi na ruta za njiani ndizo zinazotoa nakala, tena pale tu njia zinapoachana. Anayeitaka data hujiunga na kundi. Asiyejiunga haipaswi kumfikia. Msingi wake uliwekwa na Steve Deering katika hati ya RFC 1112 ya mwaka 1989. Katika IPv4 (toleo la nne la itifaki ya intaneti), makundi haya yana anwani kuanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255, na zile zinazoanza na 239 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya taasisi.

Kwenye bodi za kuchakata mawimbi, haja ya multikasti inaonekana mara moja ukipiga hesabu. Chukua FPGA (chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe) inayopokea sampuli milioni 100 kwa sekunde, kila sampuli ikiwa na sehemu mbili za biti 16. Hizo ni gigabiti 3.2 kila sekunde. Sasa kompyuta moja inataka kuzihifadhi, ya pili kuchora spektra, ya tatu kutafuta ishara fulani. Bodi ikituma nakala tatu zinakuwa gigabiti 9.6, na ukiongeza vichwa (sehemu ya mwanzo yenye anwani na maelezo) vya pakiti za kawaida za baiti 1500, lango la gigabiti 10 halitoshi. Kwa multikasti bodi inatuma mkondo mmoja tu, wawe wapokeaji watatu au thelathini. Darubini ya redio ya MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye antena 64, husafirisha data kati ya vichakataji vyake kwa njia hii juu ya Ethaneti. Studio za televisheni zinazotumia viwango vya SMPTE ST 2110 hufanya hivyo kwa picha na sauti.

Uzuri wa jambo hili kwa mtu anayejenga saketi ni kwamba kazi ya mtumaji ni ndogo mno. Watu wengi hudhani bodi lazima ijiunge na kundi kabla ya kutuma. Si kweli. Kujiunga, kwa itifaki ya IGMP, ni kazi ya mpokeaji peke yake. Bodi haihitaji hata kuuliza kwa ARP (itifaki ya kutafuta MAC ya mwenye anwani fulani ya IP) anwani ya MAC, yaani ya kadi ya mtandao, ya mpokeaji, kwa sababu MAC ya kundi hukokotolewa moja kwa moja: unaandika 01:00:5E, kisha unafuatisha biti 23 za mwisho za anwani ya IP. Kundi la 239.10.20.30 linakuwa 01:00:5E:0A:14:1E. Kama urefu wa pakiti haubadiliki, kichwa cha IP chaweza kuwa kilekile kila mara, na jumla yake ya ukaguzi (namba ya kugundua makosa) ukaikokotoa mara moja tu. Jumla ya ukaguzi ya UDP (itifaki ya kutuma pakiti bila kungoja uthibitisho), katika IPv4, inaruhusiwa kuachwa sifuri. Kwa hiyo kichwa kizima kinakaa kwenye rejista, na saketi inabaki na kazi ya kupanga sampuli nyuma yake.

Hapohapo kuna mtego. Moduli nyingi za UDP za FPGA zimeandikwa kwa mawasiliano ya wawili, hivyo huanza kwa ARP kila zinapokutana na anwani mpya. Zitauliza nani mwenye 239.10.20.30, na hakuna atakayejibu, maana anwani hiyo si ya mtu. Pakiti haitoki kamwe. Kabla ya kulaumu kebo au swichi, hakikisha moduli inazitambua anwani za 224 hadi 239, au inakuruhusu kuandika MAC kwa mkono. Angalia pia TTL, namba ya kichwani inayopunguzwa na kila ruta: ikiwa 1, pakiti haivuki ruta yoyote, na ndani ya FPGA hakuna mfumo endeshi wa kukuwekea thamani nyingine.

Uchaguzi wa anwani nao unataka uangalifu. Namba ya kundi ina biti 28, lakini MAC inabeba 23 tu, hivyo makundi 32 hushiriki MAC moja. 239.138.20.30 ina MAC ileile ya kundi letu la juu. Kadi ya mtandao inayochuja kwa MAC itayapokea yote mawili, na kompyuta itapoteza nguvu ikitupa gigabiti ambazo haikuziomba. Tofautisha makundi yako kwenye sehemu mbili za mwisho za anwani.

Mzigo uliobaki uko kwenye swichi, na kwa maoni yangu ndiko muda mwingi wa kutafuta hitilafu unakostahili kwenda. Swichi isiyofuatilia ujumbe wa IGMP huisambaza multikasti kwenye kila lango. Mkondo wetu wa gigabiti 3.2 ukimwagwa kwenye lango la gigabiti 1 linalotumika kusimamia vifaa, lango hilo limezibika. Ukiwasha ufuatiliaji huo, lazima pawepo kifaa cha kuwauliza wapokeaji mara kwa mara kama bado wanataka data. Kikikosekana, mkondo unaanza vizuri, kisha unakatika ghafla baada ya dakika chache, ilhali bodi inaendelea kutuma. Kwa mipangilio ya kawaida ya IGMP, uanachama usiohuishwa hufutwa baada ya sekunde 260. Ukiona dalili hiyo, washa kazi ya kuuliza kwenye swichi yenyewe.

Mwisho ni upotevu. Multikasti hupanda juu ya UDP, na pakiti iliyopotea hairudishwi. Kwa hiyo kila pakiti ibebe namba ya mfuatano na muhuri wa wakati, ili mpokeaji ajue ni sampuli zipi zimekosekana na ajaze pengo badala ya kuunganisha vipande visivyofuatana. VITA 49, muundo sanifu wa pakiti za mawimbi ya redio, una vyote viwili, ila hesabu yake ya pakiti ni ya biti 4 tu. Zikipotea pakiti 16 mfululizo, hesabu hiyo haionyeshi kitu. Muhuri wa wakati ndio utakaoonyesha.