Ambulansi sio gari, ni watu wanaolala kituoni

Kazi yangu ni kupanga zamu za ambulansi, huu mwaka wa kumi na moja, na wakubwa wakija kutembelea swali lao ni lile lile, mna magari mangapi? Hakuna anayeuliza nani analala kituoni. Kuna hospitali niliwahi kufanya kazi, gari liko getini tanki limejaa, mama mjamzito anatoka damu, dereva kaenda kwake na funguo mfukoni, ikabidi tumfuate na bodaboda. Siku ile ndo nikaanza kusoma wenzetu wa zamani walifanyaje, na London ndo imenifundisha zaidi.

Kule ilianza na magonjwa ya kuambukiza. Bodi ya jiji iliyosimamia hospitali za homa na ndui, Metropolitan Asylums Board, ilianza kupeleka magari ya farasi kutoka Deptford Oktoba 1883, baadaye vituo vikafika sita, vimepangwa hivi kwamba karibu London nzima ilikuwa ndani ya maili 3 kutoka kituo fulani, yani kama kilomita 5. Sasa angalia ndani ya kituo kuna nani: msimamizi anaishi humo humo na mkewe, halafu madereva, watunza farasi, wahudumu, wauguzi, wafua nguo, wafanya usafi. Mfua nguo! Ukibeba mgonjwa wa ndui na blanketi lisifuliwe vizuri, safari inayofuata unampelekea mwenzake ugonjwa kwa mikono yako, kwa hiyo yule wa kufua ni mtu wa ambulansi sawasawa na dereva. Wagonjwa wa ndui walikuwa pia na meli zao za mvuke mtoni Thames, zikiwapeleka kwenye meli za hospitali, mbali na watu.

Lakini kulikuwa na pengo baya. Kisheria magari yale yalikuwa ya wagonjwa wa kuambukiza, kwa hiyo ukigongwa na mkokoteni barabarani unabebwa na polisi kwenye machela ya magurudumu, wanaisukuma kwa mikono mpaka hospitali, mfupa umevunjika na barabara ni ya mawe. Eneo dogo la katikati, City, polisi wake walianza na ambulansi ya umeme 1907, na simu za kuiita ziliwekwa mitaani, na hapo ndo napapenda, maana walifikiria mwito unafikaje, sio gari peke yake. Betri za wakati ule hazikwenda mbali ila City ni kama maili 1 ya mraba, zilitosha. Kwa London nzima sheria ya kuruhusu ambulansi za ajali ilipita 1909, huduma yenyewe ya halmashauri ya jiji ikaanza 1915. Miaka sita watu wanasukumwa kwa machela na sheria ipo kabatini, mimi hilo linaniuma mpaka leo.

Halafu ni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanaume wanaenda jeshini, na kufika Julai 1916 ambulansi za halmashauri zinaendeshwa na wanawake watupu. Mwaka jana tu nimebishana na mkuu wangu mmoja anayesema mwanamke hawezi zamu ya usiku. Sasa hivi kituoni kwetu wako wawili, na chumba chao cha kulala kimepigwa rangi wiki iliyopita, kiko hatua kumi na mbili kutoka kwenye gari, nimezihesabu mwenyewe.