Eti unalala Darwin tu halafu unasema umeiona Top End

Wiki hii tena. Familia ya watu watano, siku saba, tiketi za Darwin, mji mkuu wa Northern Territory kule kaskazini mwa Australia (hiyo kaskazini yenyewe ndo Top End), washalipia, na neno la kwanza kwenye simu: "Sisi tutakaa Darwin siku zote, huko kwingine tutakuwa tunaenda asubuhi tunarudi jioni." Nikanyamaza kidogo. Napanga safari za watu wetu walioko Perth, Melbourne na Sydney, Wakenya, Watanzania, Wakongo, na karibu wote wanaanzia hapo hapo, sa nimechoka kuelezea mmoja mmoja, naandika mara moja basi.

Ukiangalia ramani unaona Darwin juu, hifadhi ya taifa ya Kakadu pembeni, mji wa Katherine chini kidogo, yaani vyote kiganjani. Haviko kiganjani. Jabiru, mji ulioko ndani ya Kakadu, ni kama kilomita 250. Katherine ni kama 320, kwa hiyo kwenda na kurudi ni 640, sawa na mtu atoke Nairobi afike Mombasa halafu ageuze arudi mpaka Voi, siku hiyo hiyo, na hapo hujapanda boti, hujaogelea, watoto hawajala.

Na wala sio kilomita zinazoniudhi, lami ni nzuri na wanaendesha kushoto kama Kenya na Tanzania. Tatizo ni saa. Kitu kitamu kuliko vyote Kakadu ni kukaa juu ya mwamba wa Ubirr jua likizama, umepita kwenye michoro ya wenyeji wa asili, mbele yako mbuga ya kijani mpaka macho yachoke. Ubirr iko kama kilomita 40 kupita Jabiru, na Juni na Julai jua linazama kwenye saa kumi na mbili unusu. Aliyelala Jabiru anashuka na tochi yake, muda si mrefu yuko kitandani. Wewe wa Darwin una karibu kilomita 300 za giza, na giza ndo muda wa kangaruu na nyati kukatiza barabara, taa hakuna, netiweki inakata, na mikataba mingi ya magari ya kukodi imeandikwa kabisa kwamba ukiendesha usiku nje ya mji bima haikuhusu (someni mkataba jamani, msisaini tu). Matokeo yake unaondoka Ubirr saa tisa mchana na jua la utosi, unakosa kilichokupeleka, halafu unanitumia meseji Kakadu ni ya kawaida tu. Asubuhi ni vile vile. Boti ya alfajiri pale Yellow Water, bwawa la humo humo Kakadu, ukungu juu ya maji, ndege mpaka basi, mamba wanaanza kuota jua, hiyo ukitokea Darwin labda uamke saa nane usiku na urudi kwenye yale yale ya nyati.

Kwa hiyo ninavyopanga mimi, ukitaka bishana: Darwin usiku mmoja, na ukiangukia Alhamisi au Jumapili ya kiangazi (miezi isiyo ya mvua) nenda soko la jioni la Mindil Beach ukale. Jabiru mbili. Shuka na Kakadu Highway mpaka Pine Creek, kamji ka dhahabu ka zamani, kunywa chai upite. Katherine mbili. Ukirudi lala Batchelor usiku mmoja uamkie hifadhi ya Litchfield kabla mabasi ya Darwin hayajafika, uyaone maporomoko ya Florence yakiwa yako peke yako, na vile vichuguu vinavyomzidi mtu urefu. Siku saba hizo, zimeisha vizuri.

Hapo ndo naambiwa "Jabiru si imekufa, mgodi ulifungwa?" Mji ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mgodi wa urani wa Ranger, ni kweli, na uzalishaji ulikoma Januari 2021. Ila mwaka huo huo ardhi ya mji ikarudishwa kwa wenyewe, wenyeji wa asili Wamirarr, na hoteli ile yenye umbo la mamba haikuhamishwa na mgodi. Katherine nayo eti ni pa kujaza mafuta tu. Kilomita 30 kutoka mjini kuna korongo la Nitmiluk, ardhi ya Wajawoyn waliyorudishiwa mwaka 1989, panda boti la asubuhi uone kuta za mwamba zinavyobadilika rangi, na mjini penyewe kuna chemchemi za maji ya uvuguvugu. Kituo cha mafuta gani hicho?

Ya mamba sina utani nayo. "Mamba wa maji chumvi si anakaa baharini, mtoni niko salama." Jina linakudanganya. Huyo anapanda mito, anaingia kwenye madimbwi, anafika mbali sana bara. Waliwindwa mpaka wakakaribia kuisha, wakalindwa kisheria 1971, sasa wamejaa. Ogelea pale tu kibao kinaporuhusu, na kando ya maji usisimame ukioshea vyombo. Mtu wa Rufiji haelezwi hili mara mbili, nashangaa tukishafika Australia tunasahau.

Uluru, ule mwamba mkubwa mwekundu wa katikati ya Australia, hauko "hapo karibu na Darwin". Ni zaidi ya kilomita 1,900 kwa barabara, ni jangwa, usiku wa Julai inashuka chini ya sifuri, na kuupanda mwamba kulipigwa marufuku Oktoba 2019. Panda ndege au iache safari nyingine.

Masika, Novemba mpaka Aprili, sio kwamba kila kitu kimefungwa. Barabara ya Ubirr hujaa maji, za vumbi zinafungwa, sehemu nyingi za kuogelea pia, ila maporomoko yanakuwa na nguvu kweli na vyumba bei inashuka. Mimi naikwepa zaidi Oktoba na Novemba, joto la kunata na mvua bado haijakolea.

Na wale wa "tuongezee na Kununurra": sawa, ila huo ni mji wa jimbo la Western Australia, kilomita kama 510 magharibi ya Katherine, toa usiku mbili zaidi au usiende. Njia nzuri, mkifika Timber Creek mtaanza kuona mibuyu, ndugu kabisa wa mibuyu yetu. Mkivuka kuingia Western Australia saa inarudi nyuma saa moja na nusu, na mpakani wanakagua gari na kuchukua matunda, mboga na asali, kwa hiyo zile ndizi za watoto ziliwe kabla ya hapo.