Maabara ya Saketi Si Mahali pa Kuhakiki Fomula Tu

Mjini Mtwara, ambako umeme huzalishwa kwa gesi asilia ya Mnazi Bay, wanafunzi wa shahada ya uhandisi umeme wanaofika kwa mafunzo kwa vitendo huja na dhana moja: kwamba kazi ya maabara ni kuthibitisha kilichokokotolewa darasani, na kwamba jibu likitofautiana na fomula, mwanafunzi amekosea kuunganisha nyaya. Dhana hiyo si sahihi.

Chukua rezista mbili (vipande vinavyozuia mkondo wa umeme) za megaomu 1, yaani omu milioni moja za ukinzani, kila moja, zilizopimwa na kuonekana kuwa sawa, uziunganishe kwa mfululizo kwenye chanzo cha volti 9. Hesabu inasema kwenye kiungo cha rezista hizo mbili pawe na volti 4.5, lakini multimita (mita ya kupimia volti, mkondo na ukinzani) ya kawaida, yenye ukinzani wa ndani wa megaomu 10, itaonyesha takriban volti 4.29, kwa kuwa nayo imeungana sambamba na rezista ya chini na kuvuta mkondo wake kidogo. Hakuna aliyekosea, fomula iliandikwa bila kuihesabu mita. (Anayefuta namba hiyo na kuandika 4.5 ili apate alama, na wapo wengi, amejinyima somo lenyewe.)

Usanifu wa saketi huanzia hapo. Mwanafunzi aliyeiona tofauti hiyo huchagua rezista za kiloomu 10, ambazo kosa la mita juu yake halifiki milivolti 3, kisha hulazimika kupima gharama yake: mkondo unaopotea bure kwenye betri umeongezeka mara 100.