Umiliki ukipanda, si lazima kocha ndiye kaupandisha

Kwenye vijiwe vya kahawa vya hapa Dodoma, hasa siku kukiwa na mechi Uwanja wa Jamhuri, hoja hii haikosi: kocha mpya kaja, umiliki wa mpira umepanda, basi kocha ni bora. Hapana. Kabla ya kumpa sifa, uliza dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu, limemletea nani.

Mfano mzuri uko mbali, kwenye hoki ya barafuni ya Marekani. Desemba 2011 Los Angeles Kings walimfukuza kocha Terry Murray, wakamleta Darryl Sutter. Juni 2012 wakatwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa hoki hiyo. Rahisi kusema ni Sutter tu. Lakini Februari 2012, katikati ya safari hiyo, alisajiliwa mshambuliaji Jeff Carter. Ukilinganisha mechi za kabla na baada ya kocha bila kuzitenga za baada ya Carter, umechanganya mchele na chuya.

Tena kule umiliki kwa kawaida haupimwi kwa dakika. Huhesabiwa majaribio ya kupiga golini: yaliyolenga, yaliyotoka nje na yaliyozuiwa. Timu inayoongoza hurudi nyuma kulinda, iliyofungwa hupiga mfululizo, na takwimu zake hupanda huku inapoteza mechi! Sisi mashabiki hili tunaliona uwanjani kila wiki, ila tukishika takwimu tunalisahau.

Mimi humtazama kocha kupitia wachezaji aliowakuta: wanacheza vipi chini yake, matokeo yakiwa bado sare? Na mechi ziwe nyingi. Tano hazitoshi kumfukuza mtu kazi.