Volti ziko chini? Soma hezi kwanza

Wiki hii nimeletewa inverta ya tatu, kile kifaa cha kuendesha mota na kubadilisha kasi yake, hapa karakanani Kisumu, na neno ni lile lile: "Fundi, hii imeungua, inatoa volti 160 tu." Ya mwisho ilitoka kwenye kinu cha mpunga huko Ahero. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa anunue mpya. Nikaiwasha mezani, kioo kikasoma 20.00, yaani hezi, mizunguko ya umeme kwa sekunde. Inverta ya volti 415 ikiwa kwenye hezi 20 hutoa kama volti 166. Ilikuwa nzima kabisa, na mzee yule nusura atoe pesa za bure.

Volti za inverta hupanda na kushuka pamoja na hezi. Gawanya 415 kwa 50, unapata volti 8.3 kwa kila hezi moja. Kwenye hezi 25 tarajia kama 207. 415 utaziona ukifika 50. Ukiilazimisha mota kula 415 kwenye hezi 20, chuma chake kinajaa sumaku kupita kiasi, ampea zinapanda na koili zinaungua. Kwa hiyo jamani, soma kioo kabla ya kutoa hukumu. Kisha ingia kwenye mipangilio uangalie hezi ya msingi, ile ambayo volti hufikia kilele. Ikiwa imeachwa 60, kwenye 50 utapata 346 tu na mota itakosa nguvu.

Mita nayo inadanganya. Kinachotoka ni mipigo inayokatwa maelfu ya mara kwa sekunde, na mita ya bei rahisi itakupa namba yoyote. Kama huna mita yenye kichujio, chukua balbu tatu za waya, wati sawa, uzifunge sta kwenye U, V na W, zile ncha tatu za kutokea umeme: kila balbu kwenye ncha yake, na pande zao za pili zikutane pamoja. Mimi sijaribu inverta bila balbu zangu. Zikiwaka sawasawa, fezi zote tatu zinatoka, sasa ijaribu na mota. Moja ikififia, tafuta transista au saketi inayoiendesha.

Usipime U na ethi. Pima U na V, V na W, W na U, basi.

Wengine huniambia, "Inverta ya kuingiza fezi moja itanipa 415." Ya kawaida haitoi. Ukiingiza 240, zinatoka 240 za fezi tatu. Mota ambayo kibati chake cha maelezo kinasema 230/400 ifunge delta, yaani koili zake tatu ziungane kama pembetatu.

Halafu kuna wanaofunga kapasita upande wa kutoka ili "kuinua volti". Nilifungua inverta moja kutoka Luanda ya Vihiga, transista zimepasuka, masizi yametapakaa kwenye bodi, na kapasita ya mota ya fezi moja bado imeng'ang'ania kwenye U na V. Hiyo kweli ilikuwa imekufa, na iliuawa na fundi.

Ukizima inverta ya 415, ndani hubaki karibu volti 587 za DC. Subiri dakika kumi, pima kati ya chanya na hasi za DC hiyo, na kama mita bado inasoma volti, subiri tena kabla hujagusa chochote.