Je, wajua kwa nini farasi kibeti hachomwi chanjo popote tu?

Ili farasi kibeti aandikishwe katika AMHA, chama cha Marekani cha wafugaji wa farasi hawa, kimo chake hakitakiwi kuzidi inchi 34, yaani kama sentimita 86. Hupimwa pale singa za shingo zinapoishia. Uzito wake mara nyingi ni kati ya kilo 70 na 115, ilhali farasi wa kawaida wa kupanda hufika kilo 500. Wote wawili wakichanjwa pepopunda siku moja, kila mmoja hupata dozi nzima, ambayo kwa chanjo nyingi za farasi ni mililita 1.

Dawa ya minyoo hutolewa kwa kilo, na ya maumivu pia. Chanjo haifuati hesabu hiyo, kwa sababu haikusudiwi kuenea katika damu hadi ifike kiwango fulani. Huamsha chembe za kinga pale ilipodungwa na kwenye tezi za jirani, na chembe hizo zinahitaji kiasi kile kile cha kuamshwa, mnyama awe mkubwa au mdogo. Anayegawa dozi nusu kwa huruma huishia na farasi mwenye cheti cha chanjo asiye na kinga ya kutegemewa. Kwa hiyo dozi haiguswi. Unachoweza kuchagua ni mahali, urefu wa sindano, na chanjo ngapi zitolewe siku moja. Kwa kibeti, mahali ndipo penye uzito.

Kwa farasi mkubwa mazoea ni kudunga shingoni. Ubavuni mwa shingo kuna eneo la nyama lenye umbo la pembetatu. Kwa juu limepakana na kano nene inayopita chini ya singa. Kwa nyuma, na ukingo wa mbele wa mfupa wa bega. Kwa chini, na pingili za shingo. Pingili hizi huwadanganya wengi. Hazifuati mstari wa katikati ya shingo, bali huteremka kadiri zinavyokaribia bega, hivyo sehemu ya chini inayoonekana kuwa nyama tupu huwa na mfupa ndani. Kwa farasi mkubwa, kiganja kizima hutoshea ndani ya pembetatu hiyo na nafasi hubaki. Kwa kibeti mwembamba, vidole vitatu vinaweza kuijaza.

Katika eneo dogo hivyo, kosa la sentimita mbili tu lina gharama. Ukipanda juu unagonga kano, au unaingia kwenye mafuta. Vibeti wengi hunenepa kirahisi na kuweka tuta la mafuta chini ya singa, na chanjo iliyotuama kwenye mafuta hufyonzwa vibaya na huamsha kinga kidogo kuliko iliyofika kwenye msuli. Ukishuka unagonga pingili, na chini zaidi kuna mshipa mkubwa wa shingo na ateri yake. Ukirudi nyuma mno unadunga msuli unaovuta bega, na kila hatua ya mguu wa mbele itamuuma. Kabla ya kudunga, tafuta ukingo wa bega kwa vidole, mwombe msaidizi ageuze kichwa kidogo kuelekea kwenu ili msuli ulegee, kisha bonyeza: panapobonyea kama nyama ndipo, panapokataa ni mfupa au kano.

Sindano nayo ibadilike. Ile ya inchi moja na nusu inayotumika kwa farasi wakubwa hufika mfupani kwa kibeti. Inchi moja, yenye unene wa geji 20 au 22, inatosha kwa mililita moja ya chanjo.

Lakini hata ukilenga vizuri, shingo ina kasoro nyingine, nayo kwa maoni yetu ndiyo inayopaswa kuamua. Chanjo nyingi za farasi zina kiambato cha kuchochea kinga, na kiambato hicho huleta uvimbe na maumivu ya siku moja au mbili. Farasi mwenye shingo inayouma hataki kuinamisha kichwa. Nyasi ziko chini, ndoo iko chini, naye amesimama tu. Farasi mkubwa aliyekosa mlo wa siku moja kwa kawaida atarudi kula bila madhara. Kibeti hana uhakika huo. Chakula kikikatika, mwili wake huanza kumwaga mafuta kutoka kwenye akiba. Ini huyapokea na kuyarudisha kwenye damu, na kwa kuwa miili ya vibeti wengi haiitikii ipasavyo insulini, homoni inayozuia mafuta kumwagwa, hakuna breki ya kuzuia mmiminiko huo. Damu ikipimwa, maji yake huonekana meupe kama maziwa. Hali hii huitwa haipalipemia. Huharibu ini na figo, na huua. Walio hatarini zaidi ni wanene, majike wenye mimba kubwa na wanaonyonyesha. Punda, wakiwemo wale wa Lamu, wana udhaifu huo huo, kwa hiyo mwenye punda naye ana sababu ya kuangalia kama mnyama anakula baada ya chanjo.

Ndiyo maana nyuma ya paja panastahili kufikiriwa kwanza, hasa kwa kibeti mwenye shingo fupi au yenye mafuta. Hapo kuna misuli miwili minene inayoshuka kutoka kwenye ncha ya mfupa wa tako kuelekea gotini, na kwa vibeti wengi ndiyo nyama nzito kuliko zote walizo nazo. Paja likiuma, farasi atachechemea kidogo, ila atakula. Jipu likitokea, usaha hushuka na kutoka kwa chini bila kupenya ndani. Kaa katikati ya unene wa msuli, mbali na mfereji wa upande wa nje, kwa kuwa neva kubwa ya mguu hupita jirani. Kwa watoto wa farasi, ambao hunyonya kwa kukunja shingo, paja lina faida ya ziada. Ila kwao neva hiyo iko karibu zaidi na ngozi, hivyo umakini uongezeke.

Hatari ya paja ni teke, na watu hulidharau kwa sababu mnyama ni mdogo. Teke la farasi mkubwa hukupata pajani au tumboni. La kibeti hukupata ugokoni ukisimama, na usoni ukichuchumaa. Usipige magoti nyuma yake. Simama ubavuni, nyonga yako ikigusa yake, ukitazama mkia, na udunge upande ule ule ulioko. Msaidizi akae upande wako, si wa pili: farasi akileta fujo, msaidizi huvuta kichwa kuelekea kwenu na sehemu ya nyuma husogea mbali nanyi.

Juu ya tako paachwe, japo panaonekana pamejaa. Jipu likitunga hapo halina njia ya kutoka; usaha huzama kati ya misuli na hugunduliwa ukiwa umeshaenea. Kifuani, kati ya miguu ya mbele, usaha hutoka vizuri, lakini kwa kibeti msuli ni mdogo na huvimba sana. Tunapaweka mwisho.

Udungaji wenyewe ni mfupi. Chanjo iwe imetunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na isiwe imewahi kuganda. Zungusha kichupa taratibu. Mahali pawe safi na pakavu. Ingiza sindano pekee hadi mwisho kwa mkono usiositasita, subiri atulie, kisha unganisha bomba na vuta kidogo. Damu ikiingia, toa na uanze upya mahali pengine kwa sindano mpya. Isipoingia, sukuma taratibu.

Idadi ndiyo huwachosha vibeti. Nchini Marekani chanjo za msingi ni za pepopunda, homa za ubongo za farasi za Mashariki na Magharibi, virusi vya Nile Magharibi na kichaa cha mbwa, na baadhi hupatikana zikiwa pamoja ndani ya sindano moja. Zikiwa sindano mbili, gawa kulia na kushoto, kisha andika chanjo ipi imeenda wapi. Uvimbe ukitokea utajua wa kulaumiwa. Kibeti aliyewahi kuvimba atengewe wiki tatu au nne kati ya chanjo na chanjo. Ile ya puani dhidi ya ugonjwa wa majipu ya koo ina bakteria hai waliodhoofishwa, kwa hiyo hutolewa mwisho, baada ya sindano zote. Ukianza nayo, bakteria hubaki mikononi na kwenye manyoya, na sindano inayofuata huwasukuma ndani ya msuli.

Baada ya hapo kaa naye nusu saa, kwa kuwa mzio mkali huja mapema na unahitaji adrenalini ya daktari. Pandisha nyasi na maji hadi usawa wa kifua kwa siku mbili. Joto la kawaida halizidi nyuzi 38.5, akipanda kidogo siku ya kwanza si ajabu, lakini asipokula hata akiletewa nyasi mdomoni, usingoje kesho kumwita daktari. Uvimbe unaopungua siku ya tatu uache. Unaozidi kukua na kuwa moto huenda ni jipu. Ngozi inayotoa mlio wa kupasukapasuka ukiibonyeza ina gesi ya bakteria chini yake, na hiyo ni dharura ya saa, si ya siku.

Na ukitaka kumpunguzia maumivu, dawa ya maumivu iitwayo fluniksini isidungwe kwenye msuli hata kidogo. Bakteria hao wa gesi hufuata zaidi sindano za dawa hiyo kuliko za chanjo yenyewe. Ipo ya kupaka mdomoni, na kipimo chake, tofauti na chanjo, hufuata kilo za mnyama.